Farasi na Mpandaji Wake: Namna Watu Walivyojifunza Kupanda Pasipo Kuvunjika

Katika makanisa mengi kuna picha ya Mtakatifu Martino juu ya farasi, akikata joho lake kwa upanga ili ampe maskini nusu yake. Pengine kuna picha ya Mtakatifu Georgi, naye juu ya farasi, akimchoma joka. Watoto wa katekisimu huuliza: Mnyama huyu ni nani? Mbona hatumwoni kwetu? Na mtu akikaa juu yake, haanguki?

Maswali hayo ni mema, nasi tunataka kuyajibu kwa utaratibu. Kwanza tutasema kwa nini farasi ni mgeni katika nchi yetu ya Kongo. Pili tutaeleza namna watu walivyojifunza kumpanda, na masharti anayofundishwa mwanafunzi siku za kwanza. Mwisho tutaona kwamba masharti hayo yanatuhusu hata sisi tusio na farasi, maana kila sharti lilinunuliwa kwa mifupa iliyovunjika na kwa roho za watu.

Kwa nini Kongo haina farasi

Wengine hudhani kwamba wazee wetu hawakufuga farasi kwa kukosa akili. Si kweli hata kidogo. Sababu yake ni inzi, yule mbung'o ambaye wengi humwita tsetse. Mwaka 1895, katika nchi ya Wazulu, David Bruce, mganga wa jeshi la Waingereza, alionyesha kwamba ugonjwa uitwao nagana huletwa na vijidudu vinavyoishi ndani ya damu, na kwamba mbung'o ndiye anayevichukua toka mnyama huyu mpaka yule. Ugonjwa huo ni ndugu wa malale yanayowapata watu. Farasi aliyeshikwa nao hupata homa, hukonda, miguu yake hulegea, kisha hufa.

Kwa hiyo farasi alikaa katika zile sehemu za Afrika ambazo mbung'o hawezi kuishi. Misri walimpata karibu miaka 1600 mbele ya Kristu. Alikuwako Ethiopia, na Bornu, na katika falme nyingine zilizo kando ya jangwa la Sahara. Piye, mfalme mweusi wa Kushi, aliyeishinda Misri katika karne ya nane mbele ya Kristu, aliacha jiwe lenye maandishi ya vita vyake. Humo imeandikwa kwamba alipoingia katika mji aliouteka, aliona farasi wamekonda kwa njaa, akakasirikia jambo hilo kuliko makosa mengine ya adui yake. Basi asiseme mtu kwamba Mwafrika hakujua kumtunza farasi. Pale alipoweza kuishi, alitunzwa kwa heshima.

Hapa Kongo jambo lilikuwa gumu hata kwa wageni wenye mali. Mwaka 1879 Leopoldo II, mfalme wa Ubelgiji, alituma tembo wanne toka Bara Hindi. Walishushwa pwani karibu na Dar es Salaam, ili wabebe mizigo mpaka ziwa Tanganyika. Wote walikufa, hakusalia hata mmoja wa kufanya kazi. Baadaye, tangu mwaka 1900, kamanda Laplume alijaribu tembo wa Kongo wenyewe katika nchi ya Uele. Wakaanzisha shule ya tembo huko Api, na baadaye Gangala na Bodio, ambako Wazande walikuwa wachungaji wao na kuwapanda shingoni. Pale ambapo farasi na maksai hawakuweza kudumu, tembo alivuta gari na magogo. Hivyo ndivyo inzi mdogo alivyoamua watu wa nchi kubwa wasafiri namna gani.

Waalimu wa kwanza

Farasi wa kufugwa alitoka wapi? Wataalamu wa siku hizi wamechunguza mifupa ya kale, nao wanasema kwamba uzao wa farasi tunaowajua sasa ulitoka katika nyika zilizo karibu na mito Volga na Don, kaskazini ya Bahari Nyeusi na bahari ya Kaspi. Toka huko ulienea kwa haraka duniani tangu karibu miaka 2200 mbele ya Kristu.

Mtu mmoja aitwaye Kikkuli, wa nchi ya Mitanni, aliandika juu ya kuwazoeza farasi wa magari ya vita. Maneno yake yaliandikwa kwenye vigae vya udongo miaka zaidi ya 1300 mbele ya Kristu, na vigae hivyo vimeonekana katika nchi ya Uturuki. Kikkuli anapanga kazi ya kila siku: farasi akimbie kiasi gani, ale nini, aogeshwe lini, apumzike lini. Tunaona tangu zamani hizo kwamba mafunzo ya farasi ni kazi ya taratibu.

Lakini mwalimu aliyesomwa kuliko wote wa kale ni Xenophon, Mgiriki wa Athene, aliyeishi katika karne ya nne mbele ya Kristu. Alikuwa askari, tena mwanafunzi wa Sokrate. Katika kitabu chake juu ya upandaji wa farasi alitoa mashauri ambayo waalimu wanayarudia hata leo. Ukitaka kununua farasi, utazame kwanza miguu yake, kwa maana nyumba isiyo na msingi haifai hata ikiwa nzuri juu. Ukimpanda, usikae kama mtu aliyekaa kitini, bali kama mtu aliyesimama ametanua miguu. Farasi akiogopa kitu, usimpige. Sogea wewe, ukiguse kitu kile mbele ya macho yake, kisha umwongoze polepole mpaka aone kwamba hakuna hatari. Tena jambo kubwa kuliko yote: usimwendee farasi ukiwa na hasira. Mwenye hasira haangalii mbele, naye hutenda neno ambalo kesho atalijutia.

Baada ya karne nyingi wengine walilisahau shauri hilo. Mwaka 1550 Federico Grisone wa Napoli alichapisha kitabu kilichosifiwa sana katika Ulaya yote, lakini ndani yake mlikuwa na adhabu kali kwa farasi mkaidi. Antoine de Pluvinel, aliyemfundisha kupanda mfalme Louis XIII wa Ufaransa, aliwarudisha watu kwenye njia ya upole. Naye La Guérinière, Mfaransa mwingine, aliiandika vizuri njia hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1733. Toka hapo shule kubwa za Ulaya zilikubali kwamba mnyama anayeogopa hawezi kumtumikia mtu vizuri.

Tandiko na vikuku

Xenophon hakuwa na tandiko kama la leo. Alikuwa na kitambaa tu mgongoni mwa farasi. Wala hakuwa na vikuku, yaani vile vyuma viwili vinavyoning'inia kila upande, ambamo mpandaji hutia nyayo zake. Mpandaji wa siku zile alijishika kwa mapaja yake tu.

Vikuku viwili tunaviona kwa mara ya kwanza katika nchi ya China. Karibu na mji wa Nanjing kuna kaburi la mwaka 322 ambamo ilikutwa sanamu ya farasi mwenye vikuku pande zote mbili. Waavari, watu waliotoka nyika za Asia, ndio waliovifikisha Ulaya katika karne ya sita. Mtakatifu Martino alikufa mwaka 397. Basi, mchoraji akimwekea vikuku, amempa chombo ambacho Martino, ingawa alikuwa askari wa farasi, hakukijua maishani mwake.

Vikuku vilimsaidia mpandaji asiyumbe, hata akaweza kusimama juu ya farasi anayekimbia. Lakini chombo chenye faida huleta na hatari yake. Mguu ukipenya mno ndani ya kikuku, mtu akianguka hanasuki. Farasi aliyeshtuka hukimbia huku akimburuta. Kwa sababu hiyo mpandaji huvaa kiatu chenye kisigino, kisiteleze mpaka ndani. Naye hutia sehemu ya mbele ya wayo tu, na kushusha kisigino chini. Mwanafunzi asiyejua sababu hudhani ni madaha ya askari. Anayejua sababu halisahau.

Wakubwa walioanguka

Wakristu wengi husema kwamba Mtakatifu Paulo alianguka toka juu ya farasi njiani Damasko. Tusome Matendo ya Mitume, sura ya 9, ya 22 na ya 26: Paulo anaanguka chini, lakini farasi hatajwi popote. Ni wachoraji wa Ulaya, kama Caravaggio mwaka 1601, waliompa farasi, kwa maana kwao mtu mkubwa hakusafiri kwa miguu.

Lakini wengine walianguka kweli, na kifo chao kimeandikwa katika historia. Mwaka 1131 Philippe, mwana wa mfalme wa Ufaransa, ambaye alikuwa amekwisha kutiwa taji pamoja na baba yake, alikuwa akipita mjini Paris. Nguruwe aliyekuwa akizurura njiani akaingia kati ya miguu ya farasi. Farasi akajikwaa, kijana akatupwa chini, akafa. Hakuwa vitani, wala hakuwa akiwinda. Nguruwe mmoja alitosha.

Mwaka 1286 Alexander III, mfalme wa Scotland, alitaka kurudi kwa malkia wake usiku wa dhoruba. Watu wake walimsihi angoje asubuhi, naye hakukubali. Gizani alipoteana na waliomwongoza, na kesho yake wakamkuta amekufa pwani. Hakuacha mwana wa kiume, na nchi yake ikaingia katika taabu kubwa na vita vya miaka mingi. Wazee wetu walisema: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alikuwa mkuu mwenyewe, akakataa kusikia la wadogo.

Mwaka 1482, katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji, binti mtawala Marie wa Burgundy alikuwa akiwinda pamoja na watu wake. Farasi wake akajikwaa, akaanguka naye. Marie aliumia vibaya, akafa baada ya siku chache, akiwa na miaka 25. Kaburi lake liko katika kanisa la Bikira Maria mjini Bruges. Watu hawa watatu walipanda tangu utoto, nao walikuwa na farasi wema kuliko wengine. Ikiwa hao walianguka, mwanafunzi wa siku ya kwanza asijidhanie kuwa salama kwa sababu amepewa farasi mpole.

Masharti ya mwanafunzi

Sasa tuseme yale ambayo mwanafunzi hufundishwa.

La kwanza, mjue mnyama. Farasi mkubwa ana uzito wa karibu kilo 500, lakini kwa maumbile yake ni mwoga. Mungu alimpa miguu ya kukimbia, hakumpa pembe wala makucha. Akishtuka hukimbia kwanza. Akishindwa kukimbia hupiga teke. Macho yake yako kando ya kichwa, hivyo huona karibu pande zote, lakini hamwoni aliye nyuma yake kabisa, wala kitu kilicho chini ya pua yake. Kwa hiyo usimjie kwa nyuma. Mjie kutoka ubavuni, karibu na bega la kushoto, ukisema naye kwa sauti ya utulivu, kisha uweke mkono shingoni. Ukitaka kuzunguka nyuma yake, pita mbali, teke lisikufikie.

La pili, ukimwongoza kwa kamba, usijifunge kamba mkononi wala kiunoni. Farasi akitoka mbio, kamba iliyozungushwa mkononi huvunja vidole na kumburuta mtu. Ikunje, uishike katikati, ili uweze kuiachia.

La tatu, tazama vyombo kabla ya kupanda. Kaza mshipi wa tandiko, uutazame tena baada ya hatua chache, maana farasi wengi hujaza tumbo pumzi wakati wa kufungwa, halafu mshipi hulegea. Mshipi ukilegea, tandiko huzunguka mpaka chini ya tumbo, na mpandaji pamoja nalo. Tazama pia kama ngozi ya hatamu na ya vikuku haikupasuka.

La nne, panda kutoka kushoto. Desturi hii ilitoka kwa askari, ambao upanga wao ulining'inia kushoto, hata wasingeweza kurusha mguu ule juu ya farasi. Upanga umekwisha, desturi imebaki, na farasi wamezoezwa hivyo. Shika hatamu pamoja na manyoya ya shingo, wala usining'inie kwenye hatamu, kwa maana utaumiza kinywa chake.

La tano, kaa wima. Bega, nyonga na kisigino viwe katika mstari mmoja. Tazama mbele, si chini. Anayetazama chini huinama, na anayeinama huanguka upesi. Mikono iwe laini, maana mwisho wa hatamu ni lijamu iliyomo kinywani mwa kiumbe mwenye uchungu kama wewe.

La sita, anza kwa hatua. Mwanafunzi hujifunza kwanza kusimamisha na kugeuza farasi anayetembea. Baadaye ndipo huenda mwendo wa matiti, ambao humrusha mtu juu na chini. Shoti huja mwisho kabisa. Asiyejua kusimama asijifunze kukimbia. Mwenda pole hajikwai.

La saba, usiende peke yako, wala usiende pasipo kofia ngumu iliyofungwa kidevuni.

Kofia iliyochelewa

Sharti hili la mwisho lilichelewa kuliko yote. Mwanzoni mwa karne ya ishirini, Federico Caprilli, ofisa wa jeshi la Italia, alibadili namna ya kuruka vizuizi. Zamani mpandaji alijivuta nyuma na kukaza hatamu. Caprilli alifundisha kuinama mbele na kumwachia farasi shingo yake, ili aruke kama alivyoumbwa. Dunia yote ikamfuata. Lakini mwalimu huyo mkubwa mwenyewe alianguka na farasi huko Torino mwaka 1907, akafa.

Mwaka 1935 Mwingereza T. E. Lawrence, aliyejulikana sana kwa vita vya Uarabuni, alianguka na pikipiki, akaumia kichwa, akafa baada ya siku sita. Hakuvaa kofia ngumu. Hugh Cairns, mganga wa ubongo, alikuwa mmoja wa walioitwa kumtibu, lakini hakuweza kumwokoa. Tangu hapo alichunguza vifo vya askari wapanda pikipiki, na mwaka 1941 akaandika habari yake, akionyesha kwamba kofia ngumu inaokoa maisha. Jeshi la Waingereza likaamuru askari wake waivae.

Wapanda farasi wengine walikawia hata zaidi, kwa sababu ya urembo. Katika mashindano makubwa ya mataifa, wale wanaoonyesha ustadi wa hatua walivaa kofia ndefu nyeusi ya heshima, ambayo haikingi kitu, mpaka mwaka 2021 ndipo kofia ngumu ilipowalazimu wote. Tazameni namna sifa inavyokawiza akili!

Padri juu ya farasi

Tusidhani kwamba habari hizi ni za wafalme na askari tu. Nchi ya Lesotho, kusini ya Afrika, yote iko juu ya meta 1,000, nayo ni ya milima na baridi, hata mbung'o hawezi kukaa. Katika karne ya kumi na tisa, chini ya mfalme wao Moshoeshoe, Wasotho walipata farasi, wakawa hodari sana wa kuwapanda. Mwaka 1862 Padri Joseph Gérard, wa Shirika la Waoblati wa Maria Imakulata, alifika kwao pamoja na Askofu Allard. Kwa miaka mingi alizunguka milimani juu ya farasi wake aliyeitwa Artaban, akiwapelekea wagonjwa Sakramenti. Hata alipokuwa mzee, macho yamefifia na mgongo umepinda, hakuacha kupandishwa juu ya farasi ili awafikie. Alikufa mwaka 1914, na Papa Yoane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri huko Lesotho mwaka 1988.

Mwenye Heri Gérard hakupanda ili asifiwe kwa mbio. Alipanda ili afike, kwa maana mgonjwa alikuwa akimngoja. Tukifikiri vizuri, hiyo ndiyo sababu ya masharti yote tuliyoyataja. Anayevunjika njiani hafiki, na aliyekuwa akimngoja hukaa pasipo msaada.

Nasi tufanyeje?

Kwetu pikipiki imechukua nafasi ya farasi. Humpeleka mama mjamzito hospitalini, hupeleka mihogo sokoni, humpeleka katekista kwenye vituo vya mbali. Vijana wetu wengi hupata mkate wao juu yake. Lakini ni vijana wangapi wa parokia zetu ambao tumewazika kwa sababu yake? Mmoja alibeba watu watatu, mwingine alikimbia gizani pasipo taa, mwingine aliitundika kofia kwenye usukani ili aivae mbele ya polisi tu.

Yale masharti saba yapimeni wenyewe. Jua chombo chako. Tazama breki na magurudumu kabla ya kuondoka, kama mpandaji anavyotazama mshipi. Jifunze kusimama kabla ya kukimbia. Usiendeshe ukiwa na hasira, wala ukiwa na pombe. Ukiambiwa ungoje asubuhi, ngoja. Funga kofia kidevuni, na abiria naye apate yake.

Amri ya tano haisemi juu ya kisu na mkuki tu. Anayeuchezea uhai wake, au wa mtu aliyempakia nyuma, anaichezea zawadi ya Mungu. Na kuna tofauti moja ambayo kijana yeyote ataielewa: farasi akiona shimo husimama mwenyewe, hata kama aliye juu yake hana akili. Pikipiki haina macho. Akili yote inayohitajika njiani ni ile ya mpandaji peke yake.